Mabango Yakishashushwa, Nani Anahesabu Helmeti?

Fungua ripoti ya mradi wowote wa wanachuo kuhusu usalama, uwe wa bodaboda, wa majanga ya moto au wa polisi jamii, na sehemu ya "Mafanikio" utadhani imeandikwa na mkono mmoja. Wananchi waliohudhuria, kadhaa. Vipeperushi vilivyogawiwa, kadhaa. Kisha picha: vijana wamevaa fulana za rangi moja, mtendaji wa kata katikati, polisi kata pembeni, bango nyuma yao. Hakuna cha uongo hapo. Ila hakuna pia kinachomwambia msomaji kama abiria anayepanda pikipiki Mikindani mwezi Agosti, wanachuo wakiwa wamesharudi makwao, anavaa kofia ngumu au la.

Suala hili linatugusa sisi wa Kusini mwa Tanzania kuliko tunavyodhani. Mtwara ina Stella Maris, TIA, Chuo cha Utumishi wa Umma, VETA, vyuo vya ualimu na vya afya. Wanafunzi ni wengi, kata za kufikika kwa daladala au bajaji ni chache, na watendaji wanaowapokea ni walewale. Kila kundi linakuja na barua yake, dodoso lake na bango lake, na kila kundi linaanza upya kana kwamba halijatanguliwa na mtu.

Msimamo wetu ni huu: mradi ambao haukuhesabu kitu kabla ya kuanza hauna cha kudai baada ya kumaliza. Uitwe mafunzo, mwanafunzi apewe alama zake, wala hakuna aibu. Chuo kisiuandike kwenye taarifa yake ya mwaka kwamba umeimarisha usalama wa raia.

Sehemu ya tatizo iko kwenye lugha yenyewe. Wataalamu wa ufuatiliaji na tathmini wameamua kuita mabadiliko ya mwisho "athari", neno ambalo mtaani lina harufu ya maafa: athari za mafuriko, athari za pombe. Mwanafunzi akiambiwa aandike athari za mradi wake anasita, anaruka hadi "mazao", yaani vitu vilivyotolewa na mradi, na mazao ni vipeperushi. Tuseme tu mabadiliko: nini kimebadilika, kwa nani, na kisingebadilika bila sisi?

Swali hilo la mwisho ndilo linaloumiza. Mfano mzito kuliko yote unatoka mbali na una umri mkubwa. Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville jimboni Massachusetts, Marekani, wavulana 506 waliwekwa katika jozi za wanaofanana kwa umri, familia na mazingira. Katika kila jozi mmoja aliingizwa kwenye mradi wa kuwakinga vijana na uhalifu, mwingine akaachwa, kwa kura. Walioingizwa walitembelewa nyumbani, wakafundishwa masomo, wakapelekwa kambini, kwa miaka kadhaa. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Thuluthi mbili hivi ya waliojibu walisema mradi uliwasaidia, na wengine waliandika shukrani za kugusa moyo. Lakini kumbukumbu za mahakama, hospitali na vifo, alizozichapisha mwaka 1978, zilionyesha kinyume: waliosaidiwa hawakuwa na nafuu yoyote kuliko wenzao wa jozi, na kwa vipimo kadhaa, vikiwemo kurudia makosa na dalili za ulevi, walikuwa na hali mbaya zaidi. Kama pasingekuwa na jozi, dunia ingebaki na barua za shukrani.

Kwa hiyo lile dodoso la siku ya kufunga mradi, "Je, umenufaika na elimu hii?", lisipewe uzito wowote. Mgeni aliyekuletea soda na kofia, akikuuliza kama amekufaa, utamjibu nini? Watu wa pwani tumefundwa adabu.

Tuanze na helmeti, kwa kuwa ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuhesabu barabarani, na bado hukosewa.

Fomu iwe ya karatasi moja na safu sita: saa, uelekeo, dereva amevaa au hajavaa, mkanda wa kidevuni umefungwa au la, idadi ya abiria, abiria waliovaa. Mkanda upewe safu yake peke yake, maana helmeti isiyofungwa ndiyo ya kwanza kuruka pikipiki inapogonga, na mradi unaoongeza helmeti zisizofungwa haujaongeza usalama. Iliyoning'inizwa kwenye usukani ihesabiwe kuwa haijavaliwa. Ile kofia ya plastiki ya mafundi ujenzi, ambayo baadhi ya madereva huivaa ili trafiki aone kuna kitu kichwani, nayo ihesabiwe kuwa haijavaliwa. Mambo haya yaamuliwe kabla ya kutoka chuoni, yaandikwe nyuma ya fomu. Yakiamuliwa barabarani kila mhesabuji atakuwa na sheria yake.

Mahali pa kusimama ni karibu na tuta, pikipiki inapopunguza mwendo kiasi cha kuuona mkanda. Kijiweni hapafai: pale dereva anasubiri abiria na kofia iko kwenye tenki. Wahesabuji wawe wawili, wasimame mbalimbali kidogo, wasisemezane. Baada ya pikipiki 50 za kwanza walinganishe. Wakitofautiana kwa zaidi ya pikipiki tano, kasoro iko kwenye maelezo ya fomu, macho yao hayana kosa. Wakae, warekebishe, waanze upya.

Fulana za mradi zibaki chuoni siku hiyo. Polisi pia asiwepo. Trafiki akisimama hata mita 300 mbele, madereva wanapashana habari kwa taa na kwa mkono, na kofia zinapanda vichwani. Takwimu ya saa hiyo ni ya trafiki. Ifutwe, na sababu ya kuifuta iandikwe.

Saa za kuhesabu ziwe angalau tatu: saa 1 hadi 2 asubuhi, saa 6 hadi 7 mchana, saa 11 hadi 12 jioni. Ya usiku ni ngumu kwa sababu ya giza, lakini chini ya taa ya barabarani au mbele ya kituo cha mafuta inawezekana, na usiku ndipo wengi huvua. Siku ya gulio na siku ya kawaida zisichanganywe kwenye jumla moja.

Je, zihesabiwe ngapi? Kanuni ya mkononi ni kugawa 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi. Pikipiki 100 zinakupa makosa ya asilimia 10 juu au chini, 400 zinakupa asilimia 5. Ukilinganisha hesabu mbili za 400, kabla na baada, makosa yanapanda hadi asilimia 7 hivi. Maana yake anayehesabu pikipiki 60 kabla na 60 baada, akaona ongezeko la asilimia 10, hajaona kitu. Halafu kuna mtego mwingine: pikipiki 400 zilizopita kwenye tuta moja zinaweza kuwa za madereva 70 wanaokwenda na kurudi. Andika tarakimu tatu za kibao cha namba kwenye safu ya saba, ya pembeni (kwenye MC 123 ABC, ile 123 inatosha), ondoa marudio jioni hiyohiyo, kisha kata safu hiyo na kuichoma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hakuna dereva anayependa namba yake izurure kwenye simu za wanachuo.

Ukishajua kuhesabu, adui anayefuata ni kalenda. Huku kwetu kalenda ni korosho. Minada inapofunguka kuanzia Oktoba, fedha inaingia mikononi Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Nachingwea kwa kasi isiyofanana na mwezi mwingine wowote. Pikipiki mpya zinanunuliwa, madereva wapya wanaingia barabarani kabla hawajajifunza kukata kona, safari za usiku zinaongezeka, na vinywaji navyo. Mradi uliohesabu Novemba kabla ya kuanza, ukahesabu tena Aprili baada ya kumaliza, utaonyesha maajabu hata kama wanachuo walilala chuoni miezi yote. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili nazo hupunguza safari na mwendo. Mfungo wa Ramadhani hugeuza usiku kuwa mchana, tena husogea mapema kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Na kuna yasiyopangwa: kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilifuatiwa na kukatika kwa barabara ya Kusini upande wa Kilwa, na magari ya Dar es Salaam yakakwama. Aliyehesabu ajali za mwezi huo alihesabu barabara iliyofungwa.

Dawa ya kwanza ya kalenda ni kulinganisha mwezi na mwezi wake wa mwaka uliotangulia. Dawa ya pili, ambayo ni bora zaidi, ni kata ya kulinganisha: kata inayofanana na ya mradi, isiyopata mradi, inayohesabiwa siku zilezile kwa fomu ileile. Wanafunzi huiona kama kazi mara mbili. Ni kweli, ni kazi mara mbili.

Tuone kwa mfano wa kubuni. Tuseme kata ya mradi ilikuwa na asilimia 40 ya madereva waliovaa na kufunga, ikapanda hadi 58. Ripoti ya kawaida ingeandika ongezeko la asilimia 18 na kupiga picha. Lakini kata ya kulinganisha, isiyoguswa na mtu, nayo ilitoka 42 hadi 53, kwa kuwa katikati ya mradi kulikuwa na operesheni ya trafiki mkoa mzima. Kilichobaki kwa mradi ni 18 kutoa 11, yaani 7. Na kwa kuwa hesabu sasa ni nne, kila moja ya pikipiki 400, makosa ya jumla yanafika asilimia 10. Hiyo 7 iko ndani ya makosa. Jibu la haki ni kwamba mradi huenda umesaidia, huenda haukusaidia, na hesabu hii haiwezi kutofautisha. Mkufunzi anayempa mwanafunzi wa ripoti hiyo alama za juu kuliko yule wa "ongezeko la asilimia 18" anafundisha. Anayefanya kinyume anafuga waongo.

Sehemu ambapo wengi hujikwaa zaidi ni ajali zenyewe. Kila mtu anataka kuandika "ajali zimepungua". Tatizo ni kwamba, kwa bahati njema, ajali kubwa katika kata moja ni chache, na vitu vichache hupanda na kushuka vyenyewe. Chukua kipeuo cha pili cha idadi: kata iliyo na ajali 9 kwa mwaka inaweza kuwa na 6 au 12 mwaka unaofuata pasipo sababu yoyote, na hata 3 au 15 si muujiza. Kushuka kutoka 4 hadi 2 ni upepo tu. Ongeza tabia yetu ya kupeleka mradi kwenye kata iliyotoka kupata mwaka mbaya. Mwaka mbaya mara nyingi hufuatwa na mwaka wa kawaida, mradi uwepo usiwepo, na sifa anapewa aliyekuwa karibu. Kwa kundi la wanachuo la muhula mmoja, ajali na vifo visiwe kipimo kikuu. Kipimo kiwe tabia iliyo njiani kuelekea ajali: helmeti, mwendo, taa za pikipiki, abiria wawili, mtoto anayevuka peke yake.

Mwendo hupimika bila rada. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Pima mita 100 kwa futi kamba, weka alama mbili pembeni mwa lami, mmoja asimame na saa ya simu mahali anapoziona zote mbili bila kupinda shingo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hutumia sekunde 7.2. Likitumia chini ya hapo, limezidi. Wengi huweka mita 50 kwa sababu ni rahisi kuona, na hapo ndipo hesabu inapoharibika: kidole cha binadamu huchelewa au kuwahi kwa sekunde 0.3 hivi, na kwenye mita 50 kosa hilo hugeuza kilomita 50 kuwa 46 au 55, wakati kwenye mita 100 linabaki kati ya 48 na 52. Pima kila gari la tano, lisilo na gari lingine mbele yake la kulizuia. Ukichagua yale yanayovuma utapata mwendo wa yanayovuma. Andika aina pia, kwa sababu lori la saruji kutoka Msijute, lori la makaa ya mawe linaloshuka kutoka Ruvuma kwenda bandarini na noah ya abiria si kitu kimoja. Malori yakiongezeka, hatari kwa mtembea kwa miguu inapanda hata kama wastani wa mwendo umeshuka. Hivyo hesabu na idadi ya magari kwa saa.

Kwamba kazi hii inawezekana nchini hapa, ushahidi upo. Mradi wa shirika la Amend jijini Dar es Salaam, uliojenga njia za miguu, matuta na vivuko kuzunguka shule za msingi, ulihesabu majeraha ya watoto kabla na baada, katika shule zilizopata marekebisho na katika nyingine zilizokuwa bado. Majeraha yalipungua kwa takriban robo. Angalia kilichofanyiwa kazi: tuta na njia ya miguu. Mhadhara peke yake hatujauona ukileta matokeo ya namna hiyo, na pengine wanachuo wetu wangefanya la maana zaidi wakipeleka vipimo vyao vya mwendo kwa wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kuomba tuta, kuliko kuwasomea watoto alama za barabarani.

Kuhusu madaftari ya serikali, yatumike kwa tahadhari. Daftari la polisi lina ajali zilizofika polisi; dereva aliyechubuka goti akasamehewa na mwenzake kwa elfu ishirini hayumo. Rejesta ya wagonjwa wa nje ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za afya) kwenye zahanati ina majeruhi wengi zaidi, lakini mara nyingi haisemi ajali ilitokea kata gani: Hospitali ya Ligula mjini Mtwara inapokea watu wa Mtwara Vijijini na hata wa mbali zaidi. Ukipata ruhusa, chukua jumla za mwezi, usichukue majina. Na ruhusa ina njia yake: barua ya chuo, ofisi ya mkoa, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa. Iombwe mapema, kabla muhula haujaanza. Kundi linaloiomba wiki ya tatu hupata majibu wiki ya saba, likakosa hesabu ya kabla, na hapo ndipo hushawishika kuwauliza watu "zamani hali ilikuwaje?" na kuandika majibu kama takwimu.

Kuna miradi ambayo namba ikipanda ndiyo heri. Ukihamasisha watu watoe taarifa za ukatili kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na ukafaulu, taarifa zitaongezeka. Mwanasiasa akiona jedwali atasema ukatili umepanda tangu wanachuo waje. Kwa hiyo andika mwanzoni kabisa, kabla ya data yoyote, unatarajia namba ielekee wapi na kwa nini. Bora zaidi, pima safari ya taarifa: kati ya kumi zilizofika dawatini, ngapi zilifunguliwa jalada, ngapi mlalamikaji alirudi mara ya pili. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asibishe hodi nyumbani kumuuliza mama maswali ya kupigwa huku mume anasikiliza chumbani. Hilo si suala la takwimu. Anaweza kumwachia mtu kipigo na kuondoka na dodoso lililojaa.

Taa za mtaani zina kasoro ya peke yake, uhalifu kuhama. Vibaka wakitoka mtaa wenye taa wakahamia wa pili, kata haijapata kitu. Hesabu na mitaa inayopakana.

Moto ni rahisi zaidi. Karatasi ya maswali haizimi moto. Mpe mtu mtungi wa poda kavu, umwambie autumie: anavuta pini? Anaelekeza kwenye kitako cha moto au kwenye ndimi? Anafagia kushoto na kulia? Mpime tena baada ya miezi mitatu bila kumtangazia. Muulize pia namba ya Zimamoto. Wengi hutaja 112, ambayo ni ya polisi, badala ya 114.

Yote haya yana gharama, na gharama ambayo hakuna anayeiandika ni ya mwenyeji. Mtendaji wa kata aliyeacha mashauri ya mipaka ya mashamba ili awatembeze wanachuo siku nne amelipia mradi. Polisi kata aliyetoa hotuba mbili naye amelipia. Saa zao zihesabiwe na kuwekwa ukurasa uleule wenye mafanikio. Vilevile alichojifunza mwanafunzi kiwe na ukurasa wake. Anaweza kujifunza mengi kutoka kwenye mradi uliofeli mtaani, na mtaa unaweza kufaidika na mradi ambao mwanafunzi alilala nusu yake. Hesabu hizo mbili zikichanganywa, kila upande unajificha nyuma ya mwenzake.

Kwa mradi wa wiki nane tungegawa hivi: wiki mbili za kuhesabu kabla, nne za shughuli, moja ya kuhesabu baada, moja ya kuandika. Wakufunzi wengi watalalamika kwamba wiki nne za shughuli ni chache. Lakini tabia iliyobadilika wiki ya mwisho haijabadilika bado. Jibu liko mwezi wa tatu na mwezi wa kumi na mbili, wakati walioufanya mradi wameshahitimu au wako fildi Songea. Hapo ndipo vyuo vina nafasi ambayo mashirika hayana, kwa kuwa kila mwaka kuna darasa jipya. Darasa la mwaka huu lirithi daftari la lililopita kabla halijaruhusiwa kuanzisha la kwake, na siku mbili za kwanza fildi ziwe za kuhesabu mradi wa wenzao. Daftari lenyewe libaki ofisi ya kata, nakala kwa mkufunzi, likiwa na ramani ya mkono inayoonyesha tuta lipi, upande upi wa barabara, saa ngapi, na ile karatasi ya maelezo kuhusu kofia za mafundi ujenzi. Wakifika Novemba, wasimame palepale. Fulana wasivae.